Jimbo dogo lililotaka kumlipia kila mtu hospitali, hesabu ikakataa

Kuna jimbo Marekani linaitwa Vermont. Ukiuliza mtaani, wachache watakuambia wamewahi kulisikia, na hao wachache watalijua kwa sababu ya yule mzee seneta, Bernie Sanders, na glavu zake za sufu zilizovuma mitandaoni 2021. Ni jimbo la milima, ng'ombe wa maziwa na miti inayogemwa kama minazi hadi itoe sharubati tamu. Kwa sensa ya 2010 watu wake wote walikuwa takribani 626,000. Mji wake mkuu, Montpelier, una watu kama 8,000 hivi, na unajulikana kwa kuwa mji mkuu wa pekee wa jimbo nchini humo usio na mkahawa wa McDonald's. Githurai stejini jioni moja tu ina msongamano kuliko huo mji mzima.

Sasa, mwaka wa 2011 hako kajimbo kalipitisha sheria ambayo Marekani nzima, na utajiri wake wote, ilikuwa imeshindwa kuipitisha. Kila mkazi atatibiwa, na bili italipwa kutoka kapu moja la serikali ya jimbo. Watu walisherehekea. Miaka mitatu na nusu baadaye, gavana yule yule aliyeitia sheria hiyo sahihi alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema hii kitu haiwezekani kwa sasa, tuiache.

Nakuletea stori hii kwa sababu tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, sijakaa kwa kinyozi hata mara moja bila kusikia mtu akisema: "Si afya iligatuliwa? Kaunti zijifanyie zenyewe, ziachane na Nairobi." Ni wazo zuri na halichekeshi hata kidogo. Limejaribiwa sehemu kadhaa duniani. Kwingine lilifaulu hadi likabadilisha nchi nzima, kwingine likafa kabla halijatibu mtu hata mmoja. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inanikosesha usingizi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wanaita mfumo wa mlipaji mmoja. Haimaanishi hospitali zote ni za serikali wala kwamba daktari ni mfanyakazi wa serikali. Hospitali inaweza kuwa ya kanisa, ya tajiri au ya jimbo. Kinachobadilika ni mahali bili inapopelekwa. Badala ya hospitali kufukuzana na kampuni hamsini za bima, kila moja na fomu zake na sababu zake za kukataa kulipa, bili zote zinaenda kwa ofisi moja. Wewe unachanga kupitia kodi, ukiugua unaenda, unatoka.

Faida yake ni mbili. Moja, karatasi zinapungua, na Marekani karatasi za bima zinakula pesa vibaya sana. Ya pili ni ile ya Marikiti. Ukienda kununua nyanya tatu, bei ni ya mama. Ukienda na lori unataka kubeba kila kitu, bei mnaongea. Serikali inayolipia kila mgonjwa inaenda na lori.

Na Marekani wanahitaji hilo lori, kwa sababu mfumo wao ni viraka. Ukifikisha miaka 65 kuna Medicare. Ukiwa maskini wa kutosha kuna Medicaid. Zote mbili zilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson mwaka wa 1965. Ukiwa na kazi nzuri, mwajiri anakununulia bima. Ukiwa katikati, yaani una kibarua lakini hakina bima, unajinunulia au unaomba Mungu usiugue. Sheria ya Obama ya 2010 iliziba mashimo mengi ila haikubadilisha umbo lenyewe. Ndiyo maana kule mtu anaweza kukaa kazi anayoichukia miaka kumi, si kwa sababu ya mshahara, bali kwa sababu mtoto ana pumu na bima ni ya kazi.

Huko Vermont wafanyakazi waliojiunga katika shirika la Vermont Workers' Center walianza kampeni mwaka wa 2008 wakisema afya ni haki ya binadamu. Walizunguka mji kwa mji wakikusanya hadithi za watu wenye madeni ya hospitali. Kelele ilifika juu. Mwaka wa 2010 mwanasiasa wa Democrat, Peter Shumlin, alisimama kuwania ugavana akiahidi mlipaji mmoja. Alishinda mchujo wa chama kwa tofauti ya kura kama 200 hivi, kisha akaingia ofisini.

Hawakukurupuka, tuwape haki yao. Bunge lilimwajiri profesa William Hsiao wa Harvard, mwanauchumi aliyesaidia kubuni bima ya taifa ya Taiwan iliyoanza 1995. Mapema 2011 Hsiao aliwaletea ripoti inayoonyesha kwamba jimbo lingeokoa pesa nyingi kwa kupunguza karatasi na wizi. Mei 26, 2011, Shumlin alitia sahihi. Mpango ukaitwa Green Mountain Care, kwa jina la milima yao ya kijani.

Lakini sheria yenyewe ilikuwa na shimo katikati, na kila mtu aliliona. Ilisema kila mtu atatibiwa. Haikusema pesa zitatoka wapi. Hiyo sehemu iliachwa, ati mpango wa fedha utaletwa mapema 2013. Ulipofika wakati huo, serikali ilileta ripoti ndefu isiyo na jibu la swali hilo. Ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Kwa maoni yangu mfumo ulianza kufa hapo, mapema kabla ya ile siku ya tangazo. Ukiwaambia watu watapata kitu na usiwaambie bei kwa miaka mitatu, hao watu wanajitungia bei yao vichwani, na bei ya kujitungia huwa ya kutisha.

Wakati huo huo, tovuti ikawaangusha. Oktoba 2013 jimbo lilizindua soko lake la bima la mtandaoni, lililotakiwa na sheria ya Obama. Halikuwa mlipaji mmoja, ni kitu tofauti, lakini lilisimamiwa na serikali hiyo hiyo. Lilikwama. Watu walishindwa kujisajili, walishindwa kubadilisha taarifa wakioa au wakipata mtoto. Agosti 2014 mkandarasi akaondolewa. Hapo sihitaji kukueleza sana. Waliosimama foleni miezi ya kwanza ya SHA wakiambiwa mitambo imekwama wanajua mtu anavyowaza pale: kama hawa wameshindwa na tovuti, watawezaje kushika maisha yangu yote?

Novemba 2014 wapiga kura wakajibu. Shumlin alipata kama asilimia 46, mpinzani wake Scott Milne, ambaye hakuwa na pesa za maana za kampeni, akapata 45. Kwa katiba ya Vermont, asipopatikana mtu wa kuvuka nusu, wabunge ndio wanachagua. Walimrudisha Shumlin Januari 2015, lakini kabla hata hawajapiga kura hiyo alikuwa ameshauzika mpango wake. Ilikuwa Desemba 17, 2014.

Siku hiyo ndiyo bei ilitajwa rasmi. Waajiri wangelipa kodi ya asilimia 11.5 ya mishahara yote wanayotoa. Wananchi nao wangelipa hadi asilimia 9.5 ya mapato yao kulingana na uwezo. Jimbo lingehitaji kukusanya takribani dola bilioni 2.5 zaidi kila mwaka, kiasi kinachokaribia kodi zote lilizokuwa likikusanya. Yaani mara mbili ya kodi. Gavana alisema hilo lingeumiza uchumi, na kwamba ndilo jambo lililomvunja moyo zaidi katika siasa zake.

Hapa ndipo stori nyingi zinaishia, na ndipo nataka tukae kidogo.

Hiyo "mara mbili ya kodi" ni kweli na pia inapotosha. Watu wa Vermont walikuwa tayari wanalipia hospitali. Walilipa kupitia kampuni za bima, kupitia waajiri, kupitia mifuko yao pale kaunta. Pesa hizo hazikuitwa kodi, kwa hivyo hakuna aliyeziona kama kodi. Mpango mpya ungezihamisha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Kwa jimbo lote kwa pamoja, mzigo haukuwa unaongezeka maradufu hata kidogo.

Shida ni kwamba hakuna anayeishi "kwa jimbo lote kwa pamoja". Chukua mfano wa kubuni. Jamaa ana gereji na mafundi wanane, hawapi bima, kwa sababu hawezi. Leo analipa sufuri, kesho analipa asilimia 11.5. Upande wa pili wa barabara kuna kampuni kubwa inayolipia wafanyakazi bima ya bei ghali. Hiyo kesho inapumua. Jumla inatoka sawa. Lakini mwenye gereji ndiye atakayekuja kwa mkutano wa hadhara akiwa amekasirika, na yule wa kampuni kubwa atakaa kimya afurahie akiba yake. Siasa inaamuliwa na aliyekuja mkutanoni.

Sisi tumeyaona haya kwa karatasi zetu za mshahara. Chini ya NHIF, aliyepata Sh20,000 alikatwa Sh750. Chini ya SHIF ya asilimia 2.75 anakatwa Sh550. Aliyepata Sh200,000 alikatwa Sh1,700, leo anakatwa Sh5,500. Ulimsikia nani akiongea zaidi redioni? Mlinzi aliyebakishiwa Sh200 mfukoni hakuitwa kwa kipindi chochote. Sitetei SHA hapa, ina maswali yake ambayo haijajibu, na mama mboga anayetakiwa kulipa michango ya mwaka mzima kwa mkupuo ana haki ya kulalamika. Nasema tu kwamba anayepunguziwa huwa hapigi kelele.

Kisha kulikuwa na mambo ambayo Vermont haingeweza kuyatatua hata ingekuwa na gavana malaika. Jimbo si nchi. Watu wanaishi Vermont wanafanya kazi New Hampshire, wengine kinyume. Wagonjwa wengi wa mashariki mwa jimbo wanavuka mto kwenda hospitali kubwa ya Dartmouth iliyoko upande wa New Hampshire. Nani analipia nani? Halafu kuna sheria ya Washington ya mwaka wa 1974, inaitwa ERISA. Ilitungwa hasa kulinda pensheni, lakini ndani yake inazuia majimbo kuingilia mipango ya afya ambayo waajiri wanajigharamia wenyewe. IBM, wakati huo mwajiri mkubwa zaidi wa kibinafsi Vermont, ilikuwa na mpango wa aina hiyo. Ikaanza kuuliza: tutalipia wafanyakazi wetu, halafu tulipe kodi yenu tena?

Pesa za Medicare nazo ni za Washington. Kuzigusa unahitaji ruhusa, na ruhusa kubwa iliyokuwa ndani ya sheria ya Obama ingeanza kutolewa 2017. Kwa hivyo hata wangefaulu, wangekuwa na mlipaji mmoja pamoja na wenzake watatu. Ile akiba ya karatasi ambayo profesa aliihesabu ingepungua kila kiraka kinapobaki.

Majimbo mengine yamejaribu, nitayapitia haraka. Colorado iliwauliza wananchi moja kwa moja Novemba 2016, na karibu asilimia 79 wakasema hapana. California, yenye uchumi mkubwa kuliko wa nchi nyingi, seneti yake ilipitisha mswada Juni 2017 bila mpango wa fedha, baada ya wachambuzi wa seneti yenyewe kukadiria gharama ya dola bilioni 400 kwa mwaka. Spika wa bunge la chini akauweka kabatini mwezi huo huo. Januari 2022 mswada mwingine ukafa bila kupigiwa kura, kwa sababu aliyeuleta alihesabu wenzake akaona hawatoshi. Ni Vermont tena, kwa herufi kubwa.

Sasa twende Canada, kwa sababu huko jambo hili hili lilianza kwa watu maskini kuliko hao wote.

Saskatchewan ni mkoa wa nyanda na ngano. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari akifika kijijini alikuwa hakai, wakulima hawakuwa na pesa ya kumlipa. Karibu na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baraza moja la mashinani lilichoka kumpoteza daktari wake likaamua kumlipa mshahara kutoka kwa kodi ya wakazi. Mabaraza mengine yakaiga. Hakuna aliyeita hiyo siasa ya mrengo wowote. Ilikuwa chama cha wanakijiji, wanunue daktari pamoja.

Katika mkoa huo alikulia kisiasa mhubiri wa Kibaptisti, Tommy Douglas, aliyezaliwa Scotland mwaka wa 1904. Akiwa mtoto aliugua mfupa wa mguu, na wazazi wake hawakuwa na pesa. Ilikuwa akatwe. Daktari mmoja mjini Winnipeg akajitolea kumtibu bure kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Mguu ukapona. Douglas aliikumbuka maisha yake yote, hasa sehemu ile ya kwamba mguu wake uliokolewa na bahati. (Kama uliangalia "24" ukampenda Jack Bauer, Kiefer Sutherland ni mjukuu wa huyu mzee.)

Mwaka wa 1944 chama chake, CCF, kilizoa viti 47 kati ya 52. Angeweza kutangaza matibabu bure kwa wote kesho yake asubuhi. Hakufanya hivyo. Alianza na wilaya moja, Swift Current, ambako wakazi wenyewe walipiga kura kukubali kujitoza kodi, na Julai 1946 wakaanza kutibiwa na madaktari na hospitali kwa pesa hiyo. Januari 1, 1947, mkoa mzima ukapata bima ya hospitali tu, kulazwa wodini. Kuonwa na daktari kliniki, bado. Ada ilikuwa dola tano kwa mtu kwa mwaka, familia isizidi dola 30. Kila mtu alijua bei siku ya kwanza.

Kisha wakangoja. Miaka kumi baadaye, 1957, serikali ya kitaifa mjini Ottawa ikapitisha sheria ya kugharamia karibu nusu ya bima za hospitali katika mikoa. Kwa hiyo Saskatchewan, iliyokuwa ikibeba peke yake, ikapata nafuu ghafla. Hapo ndipo Douglas akasema, sasa tunaweza kuongeza madaktari. Akaenda kwa wapiga kura na hoja hiyo 1960, akashinda, sheria ikapita Novemba 1961.

Madaktari wakakasirika kupita kiasi. Siku sheria ilipoanza kutumika, Julai 1, 1962, wengi wao walifunga kliniki. Mgomo ulidumu siku 23. Douglas alikuwa ameshahamia siasa za kitaifa, kwa hivyo moto ulimkuta mrithi wake, Woodrow Lloyd, mwalimu mpole ambaye watu hawakumdhania. Kamati za kuwatetea madaktari ziliibuka mkoa mzima. Kiongozi wa upinzani, Ross Thatcher, alipigwa picha akiupiga mlango wa bunge teke. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza kwa ndege. Wananchi wengine wakaanzisha kliniki zao za ushirika. Julai 11 kulipangwa maandamano makubwa mjini Regina, waandalizi wakitarajia makumi ya maelfu. Walikuja elfu chache.

Makubaliano ya Julai 23 yanafaa kusomwa na kila mtu anayeshughulikia migomo ya madaktari hapa kwetu. Madaktari walibaki watu huru, wenye kliniki zao, wakilipwa kwa kila huduma. Walichopoteza ni uwezo wa mtu kukosa matibabu kwa kukosa pesa. Thatcher naye, yule wa teke, aliingia madarakani 1964. Mpango hakuufuta. Wapiga kura wake walikuwa wameshauonja. Ottawa ikapitisha sheria ya nchi nzima 1966, na kufikia 1972 mikoa yote ilikuwa ndani. Mwaka wa 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa, CBC, walimpigia Douglas kura kuwa Mkanada bora zaidi wa nyakati zote. Waliachwa nyuma wachezaji wa hoki ya barafu, na Canada hiyo si mchezo.

Ukiziweka kando kwa kando, Saskatchewan na Vermont, ni rahisi kusema moja ilikuwa na viongozi jasiri na nyingine waoga. Sikubali. Mwaka wa 1946 hakukuwa na bima za waajiri zilizotanda kila mahali, hakukuwa na ERISA, na hospitali haikuwa ghali hivi. Saskatchewan ilijenga kwa kiwanja kitupu. Vermont ilitaka kujenga ghorofa mahali ambapo tayari kuna nyumba na watu wamelala ndani. Ila kuna jambo moja ambalo Vermont ingeliiga: kuanza na kipande ambacho bei yake unaweza kuitaja.

San Francisco ilifanya kipande. Jiji hilo lilianzisha mpango wake mwaka wa 2007, meya akiwa Gavin Newsom. Si bima na si mlipaji mmoja. Ni kadi inayomwezesha mkazi asiye na bima kutibiwa katika kliniki na hospitali za mpango huo. Ukitoka nje ya jiji, kadi ni plastiki tu. Waajiri walilazimishwa kutenga pesa za afya kwa kila saa mfanyakazi anayofanya kazi. Chama cha wenye mikahawa kikaenda mahakamani na ERISA mkononi, kikashindwa katika rufaa 2008, na mwaka wa 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Mikahawa mingi iliamua kuandika gharama hiyo kwenye risiti kama mstari tofauti, mteja aione. Walidhani watu watakasirikia jiji. Wengi walilipa wakaendelea kula.

Ukisoma habari za kadi hiyo, unaifikiria Makueni. Mwaka wa 2016, Gavana Kivutha Kibwana, profesa wa sheria, alizindua MakueniCare. Familia ilijisajili kwa Sh500 kwa mwaka, ikatibiwa katika vituo na hospitali za kaunti bila kulipa tena. Wazee wa miaka 65 kuendelea hawakulipa hata hiyo. Nje ya Makueni, kadi ilikuwa kama ile ya San Francisco. Lakini bei ilitajwa siku ya kwanza, na mtu aliyewahi kuuza mbuzi ili atoe mgonjwa wodini alijua Sh500 ni nini. Sisi huku mjini bado tunatengeneza kikundi cha WhatsApp, tunaweka nambari ya malipo, tunahesabu majina ya waliotuma. Nimekuwa mweka hazina wa michango mitatu ya aina hiyo mtaani, na ya mwisho tulimaliza bili wiki mbili baada ya mgonjwa kuambiwa aende nyumbani. Kila siku ya zile wiki mbili iliongezwa kwa bili.

Kwa hivyo yule jamaa wa kinyozi ana hoja. Ila kuna ukuta ambao Vermont hata haikuwa nao. Kifungu cha 209 cha Katiba yetu kinasema ni serikali ya kitaifa pekee inayoweza kutoza kodi ya mapato, ushuru wa thamani ya ziada na ushuru wa forodha. Kaunti imeachiwa kodi za ardhi na majumba, burudani, na ada za huduma. Gavana wa kwetu hawezi kuamka na asilimia 11.5 ya mishahara, hata akitaka, hata ukimchagua kwa kura zote. Akiba ya MakueniCare ilikuwa bajeti ya kaunti, na bajeti ya kaunti inategemea mgao kutoka Nairobi, na mgao unajua kuchelewa. Wale wa Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos wanakumbuka majaribio ya Desemba 2018, pale ada zilipoondolewa katika hospitali za umma za kaunti hizo nne. Mlango ulifunguliwa, watu wakaja. Yalikuwa majaribio ya Nairobi kwa pesa za Nairobi, na hayakuenezwa nchi nzima kwa umbo lile.

Vermont yenyewe ilibaki na kitu kimoja kutoka sheria ya 2011. Bodi ya watu watano, Green Mountain Care Board, bado inakaa. Inapitisha bajeti ya kila hospitali jimboni na kuamua kampuni za bima zinaweza kupandisha bei kiasi gani. Hospitali ikitaka kuongeza, inakuja mbele ya watu na kueleza.

Na kuna wanaojaribu sasa hivi. Novemba 2022 wapiga kura wa Oregon waliamua kuandika ndani ya katiba yao kwamba kila mkazi ana haki ya matibabu ya bei anayoiweza. Ni jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Ilipita kwa nywele, kama asilimia 51 dhidi ya 49. Mwaka uliofuata likaundwa baraza la kuandaa mpango wa mlipaji mmoja, na likapewa hadi Septemba 2026 liuwasilishe mbele ya bunge. Safari hii sheria imewaagiza waje na bei.